Stendi ya Mringaringa

Siku Mzee Wenseslaus alipozishusha zile mbao za mringaringa kutoka kwenye dari la jiko la zamani, Kibosho upande ule wote ulijua kabla hata jua halijafika utosini. Na ulijua vibaya. Lakini nani wa kwenda kumuuliza?

Mbao zile zilikuwa za jeneza lake. Mti wenyewe aliupanda marehemu baba yake, ukaangushwa na upepo, naye akaupasua kwa mkono wake na kuzipanga mbao juu ya moshi wa kuni zikauke taratibu. Kisha akatangaza hadharani, kwenye pombe ya mbege ya ubatizo wa mjukuu, kwamba zisiguswe na mtu yeyote, hata nyumba ikivuja. "Mimi nimewatengenezea majeneza baba zenu na babu zenu," alisema, "halafu mje mnizike kwenye boksi la dukani? Thubutu!" Watu walicheka sana siku ile, na kila mmoja akajua mbao za Mzee Wense zikishuka, kuna mtu anakwenda chini ya udongo.

Sasa mzee mwenyewe alikuwa mzima, anapanda mteremko bila fimbo. Aliyekuwa anaumwa ni Fredy, kitinda mimba wake, amelala chumba cha mbele, figo zimegoma. Mbao zimeshuka, kijana yuko kitandani. Hata wewe ungefikiri nini?

Kumbe mzee anatengeneza stendi. Stendi ya tangi la samaki, jamani!

Ili uelewe wazimu huo ulikotoka, lazima ujue yaliyopita kati yao. Kwa Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Jacob, kifungua mimba, alishapata maisha yake Mwanza na hakuna aliyemdai kurudi ila Krismasi. Fredy ndiye alikuwa wa kukaa: nyumba yake, kihamba chake cha migomba, na karakana yake, maana alikuwa na mkono wa ufundi kuliko hata baba yake alivyokuwa katika umri ule. Wenseslaus alikuwa anamtazama akipiga randa, moyo unamjaa, ila kumsifia kwa mdomo, hapana, hakuwahi. Halafu kijana akaja na habari za samaki. Samaki wa mapambo, wadogo kama vidole, wa kuwekwa kwenye vioo hotelini na sebuleni kwa watu wenye nafasi. Alipata rafiki mjini, Pratik, kijana wa Kihindi mzaliwa wa Moshi, wakataka kufungua duka pamoja.

"Samaki wasioliwa?" mzee aliuliza. Wazee wa mlimani hata samaki wa kuliwa walikuwa hawamtaki mezani, sembuse huyu wa kutazamwa! Mabishano yakawaka, na pale uani, mama mtu anasikia, Wenseslaus akatamka: "Nenda basi kwa samaki wako. Na hapa usinirudie mpaka uje umebebwa."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Neno la baba huko mlimani si mchezo, watu wanaliogopa kuliko radi. Fredy aliondoka, akapanga chumba Soweto, mtaa wa Moshi mjini, duka likafunguliwa na likaenda vizuri tu. Mama yake, Margareta, alikuwa anaongea naye kwa simu nyuma ya zizi. Mzee alijifanya hajui. Alijua, na kila Jumapili jioni alikuwa anasogea sogea karibu na zizi hilo akitafuta eti nyundo.

Na kweli Fredy alirudi amebebwa. Pratik alimshika mabega, dereva wa pikapu akamshika miguu, wakampitisha uani palepale. Wenseslaus alisimama mlangoni pa karakana na mikono yake imejaa unga wa mbao. Kuna desturi ya mambo hayo: mtu akitaka kusamehe au kusamehewa, anashika jani la isale, anakwenda nalo kwa mwenzake, na yakishapokelewa yameisha. Isale lilikuwa limeota pale pale mpakani, hatua chache tu. Lakini baba ampelekee mtoto isale? Wapo waliofanya hivyo na hawakufa. Yeye alisema tu, "Mwingizeni chumba cha mbele, kina jua," akarudi ndani kukoroga gundi ambayo haikuwa na kazi.

Tangu siku hiyo baba na mwana waliongea kama wapangaji. Umeamkaje. Salama. Mvua hiyo. Ndiyo. Jumatatu na Alhamisi Fredy alikuwa anashushwa mjini hospitali kusafishwa damu, kwa pikapu ya Godbless, jirani, na barabara ile mnaijua, mtu mzima anatoka nayo anaumwa, sembuse mgonjwa. Akirudi analala ameelekea ukutani. Chakula anaonja, anaacha.

Ndipo jioni moja Margareta akasema, wakati anamenya ndizi za mtori, "Anawawaza samaki wake tu. Anasema lile tangi lake kubwa halijawahi kupata stendi ya kulibeba. Limekaa chini kwenye matofali. Anasema ni fundi mmoja tu angeweza, na fundi mwenyewe ndiyo hivyo tena."

Maneno yale yalimwingia mzee mpaka kwenye mifupa. Fundi mmoja tu! Usiku huo wote aliisikia sauti hiyo, na asubuhi alikuwa na mpango. Atatengeneza stendi. Atalileta tangi kutoka Soweto, aliweke ukuta ule ule anaoutazama kijana, samaki waogelee mbele ya macho yake. Mtu mwenye kitu cha kulisha asubuhi ataamka tu, atake asitake. Atakula, atakwenda hospitali, atapona, au angalau ataishi. Na akiiona stendi yenyewe, mbao zenyewe, ataelewa kila kitu ambacho baba yake alishindwa kukitamka. Hilo ndilo alilolitaka kuliko yote, kwamba Fredy aelewe bila yeye kufungua mdomo.

Na hakumwambia mtu. Ndivyo alivyofundishwa ufundi: kazi haitangazwi ikiwa haijakamilika, inaingia kijicho. Alimpigia Pratik simu mara moja tu kuuliza vipimo, akakata. Futi sita urefu, futi mbili upana. Vipimo hivyo vingemshtua fundi mwingine yeyote wa majeneza, yeye wala.

Ila alitaka kuhakikisha kama ukuta unatosha. Akaingia chumbani mchana, Fredy amelala, akatoa futi yake na kuivuta taratibu kando ya kitanda, kutoka kichwani mpaka miguuni. Akapima tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoka kwa ncha za vidole.

Fredy hakuwa amelala. Aliyafumba macho kidogo tu, akaona kila kitu. Alijua futi ile, alijua na mkono ule, na alikulia kwenye karakana ile akijua ni kitu gani kinapimwa kwa urefu wa mtu aliyelala.

Basi kazi ikaanza, chini ya dirisha la mgonjwa maana ndipo karakana ilipokuwa. Na ilikuwa kazi, usiseme! Tangi la namna ile likijaa maji lina uzito wa ng'ombe wawili wakubwa, nao hawasogei wala kulala, wamekusimamia hapo mchana na usiku. Ukitegemea misumari imekwisha habari yako. Wenseslaus alikata miguu sita minene, minne ya pembeni na miwili ya kati ili mbao ndefu zisije zikabonyea, na kila mguu akauchonga kidato juu, ili boriti ikalie mti wenyewe na si skrubu. Akachonga tundu na ulimi kwa patasi, akajaribu, akatoa, akapunguza unywele, akarudisha. Mringaringa ulikuwa umekauka vizuri mno, unatoa harufu yake ile tamu kila randa inapopita, na harufu ikawa inaingia dirishani moja kwa moja.

Margareta alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Akaja mlangoni, kanga ameifunga kiunoni, macho mekundu.

"Baba Jacob, huwezi hata kusubiri?"

"Kazi ya namna hii ukiisubiri ndiyo unachelewa," mzee alijibu bila kuinua kichwa, na mdomoni ana penseli.

Mama wa watu alishika kizingiti. Alitaka kumwambia mengi, akaona atayasikia mgonjwa, akameza. Toka hapo alimwekea mumewe chakula mezani na kuondoka, hakukaa naye tena. Mzee akadhani ni uchovu wa kuuguza.

Na majirani nao! Walianza kumiminika, huyu na mkungu, huyu na kuni, huyu na maziwa kwenye kibuyu, wanakaa na Fredy kidogo wanatoka wakifuta macho. Vijana wawili wakaja na mapanga kufyeka migomba karibu na makaburi ya ukoo. Wenseslaus akawashukuru sana, akafikiri wameona kihamba kinamshinda kwa ajili ya kuuguza. Sirili, katekista wa kigango na rafiki yake wa tangu utoto, alisimama karakana akatazama boriti ndefu mbili zimelala sambamba, akavua kofia.

"Umechagua mbao nzuri, Wense."

"Huyu mtoto nimpe nini kingine?" mzee akasema.

Sirili akamshika bega, akaondoka hata kuaga hakuaga. Haya, niambie wewe, watu wazima wawili, wamesoma katekisimu pamoja, wamelewa pamoja, hakuna hata mmoja wa kusema neno lenyewe kwa jina lake! Jeneza halitajwi mgonjwa akiwa anapumua, ndiyo adabu yetu. Adabu hiyo hiyo ndiyo ilituponza.

Jumatatu Fredy alikataa kushuka hospitali. Alisema barabara imemchosha. Mzee akasikia, akatikisa kichwa, akajisemea kijana anakata tamaa, dawa yake ni samaki, ngoja niharakishe. Akaongeza kasi. Alhamisi Fredy akakataa tena, Godbless akageuza pikapu tupu. Mzee akaamka kabla ya jogoo, akagonga mpaka giza. Kadiri mwana alivyozidi kulegea, ndivyo baba alivyozidi kugonga, na kadiri baba alivyogonga, ndivyo mwana alivyojua kwamba muda umekaribia. Padri aliitwa, akampaka mafuta. Wenseslaus alipiga magoti pale mlangoni na vumbi la mbao magotini, akaomba kwa moyo wote apate kumaliza kwa wakati.

Ikamalizika. Ilikuwa stendi, nakwambia! Aliipanda mwenyewe kwa miguu miwili, akarukaruka juu yake kama mtoto, haikulia hata chembe. Akaifunika turubai, akamwita Godbless, wakateremka Soweto.

Pratik aliwafungulia geti. "Shikamoo, mzee. Pole na mgonjwa."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua tangi na samaki wake."

Kijana akamtazama, akamtazama Godbless, akarudi kumtazama yeye. Kisha akawaongoza chumbani kwa Fredy. Tangi lilikuwa pale kwenye matofali, limesafishwa, kavu, na halina kitu.

"Samaki wako wapi?"

"Fredy alinipigia wiki iliyopita, mzee. Alisema niwagawe. Wengine nimepeleka kwa watawa kule kwenye kituo cha watoto, wengine kwa wateja aliowataja yeye mwenyewe." Pratik alijikuna shingo. "Mimi nilijua unajua."

"Awagawe kwa nini? Anawapenda wale!"

"Mzee… samahani sana. Alisema jeneza lake limeshaanza kupigwa randa. Alisema kwa mbao zako wewe mwenyewe. Nilimwambia atakwenda hospitali apate nafuu, akasema baba yake hajawahi kuanza kazi asiimalize."

Wenseslaus alikaa chini, juu ya ukingo wa matofali. Yote yakamjia kwa mpigo mmoja: futi kando ya kitanda, Margareta mlangoni, kofia ya Sirili, vijana na mapanga yao. "Yesu na Maria," alisema. "Yesu na Maria. Mimi nimemuua mwanangu kwa nyundo." Godbless akataka kumwinua, akamsukuma, akainuka mwenyewe na kukimbilia pikapu. Pratik na Godbless walilipakia tangi haraka haraka kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine.

Njia nzima ya kupanda mzee alikuwa anasema, "Kanyaga mafuta, Godbless, kanyaga," na Godbless anakanyaga na mawe yanaruka.

Alimkuta Fredy ameegemezwa mito, uso umevimba, pumzi fupi fupi. Margareta yuko kando anampepea. Mzee alipiga magoti hapo hapo kwenye sakafu.

"Fredy. Lile si jeneza."

Kijana alifungua macho.

"Ni stendi, mwanangu. Stendi ya tangi lako. Nilitaka uwaone samaki hapa ukutani. Lile si jeneza, Fredy, sikiliza, mimi sijatengeneza jeneza!"

Margareta aliacha kupepea. Aliweka kiganja mdomoni, akabaki hivyo. Fredy, amini usiamini, akatabasamu kidogo.

"Miguu mingapi?"

"Sita."

"Ya kati umeweka?"

"Nimeweka. Boriti imekaa kwenye kidato, juu ya mti, si juu ya skrubu."

"Safi." Alivuta pumzi, akatafuta nyingine. "Mimi nilijua ni yangu, Baba. Nilipoona ni mbao zako, zile ulizokatazia watu… nikasema, basi, mzee amenisamehe. Yameisha. Nikatulia kabisa." Akafumba macho. "Kumbe ni stendi tu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Neno lilikuwa moja, na kijana alikuwa amelifungulia mlango mwenyewe, anangoja. Wenseslaus alifungua mdomo. Kilichotoka kikawa, "Kwanza twende hospitali. Tutaongea njiani."

Tangi wakalishusha majanini. Godoro likawekwa nyuma ya pikapu, Fredy akalazwa juu yake, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Mzee akakaa chini, amemshika miguu isirukeruke kwenye mashimo. Majirani walisimama kando ya njia wakiwa wamevua kofia, naye akawapigia kelele wavae, mtu hajafa. Gari likashuka.

Na walipopita kanisa ndipo ulimi wa mzee ukafunguka. Sijui ni upepo, sijui ni woga. Alisema kwamba lile neno la uani lilimtoka kwa hasira na alitaka kulirudisha siku ile ile kabla vumbi la viatu vya Fredy halijatulia. Alisema alikuwa anajificha kando ya zizi kila Jumapili kusikiliza simu yake. Alisema hajawahi kuona mkono wa ufundi kama wake. "Nilikusamehe zamani," alisema. "Hata kosa lenyewe hukuwa nalo, nilikuwa nalo mimi. Wewe ndiye unisamehe, mwanangu. Nisamehe. Unasikia? Nisamehe baba yako." Alilia wazi wazi kama mtoto, kamasi zinamtoka, wala hakujali watu wa njiani. Alimwambia akipona watakwenda kwa watawa kuwafuata samaki wote, mmoja mmoja, na kama hawatoshi watanunua wengine, na yeye mwenyewe atawabadilishia maji.

Margareta alikuwa amekishika kile kichwa kwa mikono miwili kisigonge bodi. Alijua tangu kwenye kona ya kanisa, kabla neno la kwanza halijatoka, pale kifua cha kijana kilipoacha kupanda. Alimtazama mumewe, aliyesubiriwa miaka yote ile aseme, na sasa anasema. Hakuwa na moyo wa kumkatiza. Alimsogezea Fredy kanga shingoni kana kwamba anamkinga na baridi, akamwacha mzee aongee mpaka walipofika kwenye lami.